Kaka Shabani, kabla ya Simba na Yanga bandani kwako

Kaka Shabani,

Salamu kwako na kwa mama watoto. Huku wazima, mvua tu haituachi. Mwajuma kanieleza ya mechi iliyopita uliyoionyesha kwenye TV hapo bandani, mabenchi mawili kuvunjwa na yule kijana kushonwa kichwani, nikaona nisingoje tuonane.

Utani wa Simba na Yanga ni wa tangu miaka ya 1930, usijaribu kuuzima. Yanga akiitwa utopolo au Simba akiitwa kolo, ajibu, ndiyo raha yenyewe. Simba akionyeshwa vidole vitano vya ile 5-1 aliyofungwa na Yanga Novemba 2023, naye awakumbushe 5-0 aliyowafunga Mei 2012. Ila tusi la mama, kabila la mtu au kilema chake, hapo utani umekwisha. Anayetukana hivyo arudishiwe kiingilio chake atoke. Tangazo hilo alitoe Mzee Kassim kabla mpira haujaanza. Usilitoe wewe, maana mtaa mzima unakujua ni Yanga.

Sasa kukaa. Shomari anasema uliwaweka Simba mbele, Yanga nyuma. Kosa lilianzia hapo! Wa nyuma anamfokea mwenzake kisogoni, mara ganda la karanga, mara maji, wa mbele akigeuka ni ngumi. Wakae kushoto na kulia, katikati uache njia ya hatua mbili. Mabenchi yapigilie kwenye vigingi, benchi lisilonyanyuka halirushwi. Soda za chupa za kioo zisiingie. Na redio marufuku: redio hukitangulia king'amuzi kwa sekunde kadhaa, mmoja akishangilia goli ambalo wenzake hawajaliona, matusi yanaanza mpira ungali katikati ya uwanja.

Mwenye kelele asikutishe. Mwangalie yule mwenye mkeka, aliyebeti mechi. Mkeka ukichanika dakika ya 85, kapoteza mechi na hela ya kodi, neno dogo tu linamwasha. Mtoe nje taratibu apunge upepo, usimkaripie mbele za watu.

Halafu mlango, kaka. Mlango ni mmoja, na watu themanini. Filimbi ikilia, aliyefungwa anabanwa pale na anayemwimbia sikioni. Waliofungwa watangulie, uwape dakika tano nzima. Walioshinda waachie marudio ya magoli, watabaki wenyewe bila kuzuiwa. Simamisha vijana wawili, mmoja Simba, mmoja Yanga, ili kila upande uzuiwe na mtu wake.

Kundi la WhatsApp nalo lifunge hadi asubuhi, uandike wewe tu. Matusi ya usiku ndiyo yanayokuja bandani kesho yake yakitafuta mtu.

Yule kijana nyuzi zimetoka? Aliyempiga wamekaa na wazee, au bado wanapishana njia? Jenereta ina mafuta, umeme ukikatika wasije wakadai hela zao? Mzee Kassim umeshamwomba? Na lile la mlango, ukuta wa nyuma mwenye nyumba hawezi kukuruhusu utoboe wa pili?

Wako,
Hamisi