Barua kwa Mhariri: Ramani za wilaya zikutane mpakani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie waheshimiwa madiwani na wakurugenzi watendaji wa halmashauri za Uvinza, Kasulu, Kibondo, Kaliua, Urambo na Tanganyika, pamoja na sekretarieti za mikoa ya Kigoma, Tabora na Katavi. Ombi langu kwao ni moja: kabla halmashauri yoyote haijapitisha au kuhuisha mpango wake wa matumizi ya ardhi, ikae kwanza na halmashauri inayopakana nayo, waiweke ramani ya huyu kando ya ramani ya yule, na wakubaliane juu ya ule ukanda wa mpakani ambao leo kila upande unaupangia matumizi yake bila kumuuliza jirani.

Msafiri wa treni ya Tabora kwenda Kigoma akishaipita Usinge, iliyo wilayani Kaliua, hufika Nguruka, iliyo wilayani Uvinza, bila kuona dalili yoyote kwamba ametoka mkoa mmoja na kuingia mwingine. Miombo ni ileile, mbuga za maji ni zilezile, na wavuvi wanaouza samaki stesheni hizo mbili wamewavua katika bonde moja. Ukiingia katika ofisi za vijiji, hata hivyo, mpaka unauona mara moja, kwa sababu vijiji vingi vilivyokwisha kupangiwa matumizi bora ya ardhi hubandika ukutani ramani iliyopakwa rangi. Nimezitazama ramani mbili za namna hiyo, moja ya kijiji cha upande wetu wa Uvinza na nyingine ya kijiji kinachopakana nacho ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Katika ya kwanza, kijani cha msitu wa hifadhi wa kijiji kimeenda hadi kwenye mstari wa mpaka na kukatika hapo. Katika ya pili, kuanzia mstari uleule, rangi iliyopakwa ni ya malisho, na baada yake mashamba. Vijiji vyote viwili vilifuata taratibu, mikutano mikuu iliketi, mihuri iligongwa. Ila hakuna aliyewauliza wale watu wa mpakani kwamba ng'ombe wanaolishwa hapo watauheshimu vipi mstari ambao uko kwenye karatasi tu.

Si nia yangu kuwalaumu maofisa ardhi wa wilaya, maana wanatekeleza sheria kama ilivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, imeweka ngazi za kupanga kuanzia taifa hadi kijiji. Kazi ya kijiji ikikamilika, sheria ndogo zake huidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na hapo ndipo nguvu yake inapoishia, kwa kuwa sheria ndogo iliyopitishwa Uvinza haimfungi mtu anayekata miti akiwa Kaliua, wala ya Kaliua haimfungi wa Uvinza. Tukumbuke pia kwamba mipaka yenyewe inahama. Uvinza ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kigoma hadi ilipogawanywa mwaka 2012, mwaka uleule zilipozaliwa Buhigwe na Kakonko, na mkoa wa Katavi ukamegwa kutoka Rukwa. Mpanda nayo, kabla ya kuwekwa Rukwa mwaka 1974, ilikuwa ndani ya mkoa wa Tabora. Pori lililokuwa chini ya ofisi moja hujikuta chini ya ofisi mbili au tatu, kila moja ikiwa na jalada lake.

Mto Malagarasi haujui habari hizo. Unaanzia karibu na mpaka wetu na Burundi, unazunguka kupitia nchi ya Waha, unapokea maji ya Moyowosi na ya Ugalla inayotoka Tabora, kisha unageukia magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Mabwawa na nyasi za bonde lake, zinazoitwa Malagarasi-Muyovozi, zilitambuliwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, zikiwa za kwanza nchini, na eneo lake ni takriban hekta milioni 3.25. Eneo kubwa namna hiyo haliwezi kuwa la wilaya moja. Nyasi zile na matope yale ndiyo yanayoyashika maji ya masika na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Zikichomwa na kulimwa hadi ukingoni, maji huja yote kwa pamoja yakiwa na udongo, kisha hupotea. Serikali ina mradi wa kuzalisha umeme wa megawati 49.5 kwa maji ya Malagarasi huku chini Kigoma, na mitambo ya aina hiyo hutegemea mto usiopanda na kushuka ovyo. Lakini walio na uwezo wa kuyalinda maji hayo ni madiwani walioko juu ya mto, baadhi yao wakiwa mkoa mwingine kabisa, ambao katika vikao vyao umeme wa Kigoma si ajenda. Tunayo Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, inayosimamia vyanzo na vibali vya maji, na kazi yake tunaiona. Bodi hiyo hata hivyo haigawi ardhi wala haipangi mashamba yawe wapi.

Jambo linalonisukuma zaidi kuandika ni mtindo wetu wa kuhamishiana matatizo. Wilaya moja hufanya operesheni, huondoa mifugo kwenye msitu wa hifadhi, na katika taarifa ya robo mwaka huandikwa kwamba zoezi limefanikiwa kwa asilimia kubwa. Ng'ombe wale hawakuyeyuka. Wamevuka mpaka, wameingia katika pori la jirani ambako hapakuwa na taarifa wala maandalizi, na baada ya miezi michache jirani naye anaandaa operesheni yake. Mfugaji, ambaye katika mabishano haya hufanywa mkosaji wa kudumu, anafukuzwa mara mbili bila mtu kumwonyesha malisho yaliyotengwa yako wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa mkaa, kwani wilaya inapobana vibali, wachomaji husogea hatua chache na kukata ng'ambo, huku gunia likiishia katika soko lilelile la Kigoma Ujiji au la Tabora mjini. Kuni za kukaushia tumbaku za Urambo na Kaliua nazo hutafutwa popote miti ilipobaki. Hesabu za wilaya moja moja zinaweza kuonyesha nafuu wakati bonde zima linazidi kupukutika.

Wako watakaosema kwamba kushirikiana kati ya mamlaka nyingi ni jambo gumu. Nawaomba watazame ziwani. Mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, na kutokana na mkataba huo ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wetu zikasimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi hizo, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Tuliumia, hilo nalisema wazi. Kwa miezi mitatu kitoweo kilikuwa adimu na wenye mitumbwi walikaa bure. Lakini nchi nne, zenye sarafu nne na majeshi manne, ziliweza kukubaliana juu ya kalenda moja. Halmashauri mbili za nchi moja, zinazopokea maelekezo kutoka TAMISEMI ileile, zitashindwaje kukubaliana juu ya ukanda wa msitu?

Sheria nayo inatoa pa kuanzia. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu vijiji viwili au zaidi kuingia makubaliano ya kutumia kwa pamoja ardhi ambayo watu wake wamezoea kuitumia pamoja. Huko Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliyaunganisha malisho yao na kuyapa jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yao, yaani OLENGAPA, ili pasitokee kijiji kimoja kikageuza sehemu yake kuwa mashamba na kuwafungia wenzake njia ya kufikia maji. Nauheshimu mfano huo, ila nauona upungufu wake kwetu: vijiji vile vyote viko wilaya moja, kwa hiyo alikuwepo mkurugenzi mmoja wa kuitisha kikao na kutoa gari. Kati ya Uvinza na Kaliua, au kati ya Uvinza na Tanganyika, mtu huyo hayupo, na ndiyo maana naiomba mikoa iingie.

Mpaka wa Uvinza na Tanganyika unastahili kutazamwa kwa namna ya pekee. Upande wa Kigoma kuna misitu ya halmashauri ya Masito na Tongwe Magharibi; upande wa Katavi kuna Tongwe Mashariki na msitu wa Ntakata. Watongwe waliokaa humo tangu zamani wangeshangaa kuambiwa kwamba ni misitu tofauti. Sokwe wengi wa nchi hii wanaishi katika mapori hayo, nje ya Hifadhi za Taifa za Gombe na Mahale, na wanahama kufuata matunda bila kujali mkurugenzi ni nani. Wilaya ya Tanganyika imepiga hatua, kwani vijiji vyake vinane vinavyolinda misitu ya Ntakata vinalipwa fedha za biashara ya hewa ya ukaa, yaani malipo ya kutunza miti inayofyonza hewa hiyo, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Nafurahi kwa ajili yao, lakini moto wa Agosti ukiwashwa upande wetu na mwindaji au mrina asali asiye mwangalifu, utaunguza miti inayowaletea malipo, na sisi hatutakuwa na sababu ya kuamka usiku kwenda kuuzima kama hatuna makubaliano yoyote nao. Barabara ya moto, yaani ukanda unaofyekwa ili moto usivuke, haifai kitu ikifyekwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili.

Naijua hofu iliyopo. Diwani anahofia kwamba kukaa meza moja na jirani ni kukubali kumegewa kata yake, na mweka hazina anahofia ushuru wa mazao ya misitu utaingia katika kapu la wengine. Hofu hizo zijibiwe kwa maandishi: makubaliano ya matumizi hayabadilishi mpaka wa utawala, na ushuru ubaki kwa halmashauri ambako zao limevunwa kihalali, kwa viwango vinavyofanana pande zote ili mfanyabiashara asitafute penye unafuu. Kuhusu gharama, yapo mashirika yaliyowahi kuzikutanisha wilaya hizi, na tunayashukuru, lakini mradi ukifika mwisho magari huondoka na ramani huondoka zikiwa ndani ya kompyuta za mradi. Kikao cha halmashauri mbili mara mbili kwa mwaka kinaweza kulipiwa na mapato ya ndani. Fedha zinazotumika kwa operesheni moja ya kuhamisha mifugo zingetosha kulipa posho na mafuta ya vikao kadhaa.

Sipendekezi kuundwa kwa chombo kipya chenye jengo na mwenyekiti wa kudumu. Nashauri maofisa ardhi, misitu, mifugo na maji wa wilaya zinazopakana, pamoja na wenyeviti wa vijiji vya mpakani kutoka pande zote mbili, waanze na ramani moja ya ukanda huo tu, wakionyesha mapito ya ng'ombe, shoroba za wanyamapori, vyanzo vya maji, misitu ya vijiji na mahali ambapo watu wameshaanza kulima. Maeneo ya Kasulu na Kibondo ambako misitu imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuni za kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta yaingizwe humo pia, na vilevile mashamba mapya ya michikichi, ambayo Serikali inayahimiza na ambayo yanahitaji ardhi kutoka mahali fulani. Ramani hiyo ikishapitishwa na mabaraza ya madiwani ya pande zote mbili, vijiji viandike sheria ndogo zenye maneno na faini zilezile. Wanawake wanaookota kuni na wafugaji wasio na nyumba ya kudumu waitwe kwenye vikao hivyo tangu siku ya kwanza, kwa maana wao ndio wanaoujua ukanda huo kwa miguu.

Maandalizi ya bajeti huanzia vijijini, kwa mikutano ya fursa na vikwazo, ambako wananchi hutaja walicho nacho na kinachowakwamisha, kisha hupanda kata na wilaya. Ikiwa Uvinza na Kaliua zitaweka kila moja kifungu kidogo cha kikao cha pamoja katika bajeti ya mwaka wa fedha ujao, kikao cha kwanza kinaweza kufanyika Nguruka au Usinge, ambako wajumbe wa pande zote wanafika kwa treni, na makatibu tawala wa mikoa ya Kigoma na Tabora wakaombwa kukiitisha kwa barua moja yenye saini mbili.

Wako,
Msomaji, Nguruka, Uvinza, Kigoma