Barua kwa mwanangu Zuhura: kazi iko masjala

Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salaam, sisi huku wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua, ulimi uko palepale. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza pamoja na mamako, kisha nikausikiliza tena peke yangu barazani. Unasema masomo yanaelekea ukingoni, kwamba Pretoria waliwafundisha nusu ya kwanza kisha wakawatawanya kwenye vyuo vingine vya Afrika, wewe ukaangukia Makerere, na sasa kila mkikaa kula mazungumzo ni yaleyale: tukimaliza hii shahada ya haki za binadamu, twende wapi? Ofa mbili za kazi unazo mkononi, ya Dar na ya Kasulu, halafu ukaniuliza mimi, karani mstaafu wa mahakama, wakati maprofesa unao hapohapo. Basi vumilia majibu ya kikarani.

Shangazi yako ameshatoa hukumu: haki za binadamu si kazi. Alisema hivyo kwenye arusi ya binamu yako, mbele ya watu, nami sikumbishia. Ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira usome matangazo. Utakuta wanatafuta Afisa Sheria, Afisa Uchunguzi, mtakwimu, mkalimani, ofisa maendeleo ya jamii. Cheo cha "mtu wa haki za binadamu" sijakiona. Hata Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ile iliyochukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, inaishi kwa watu wenye ufundi: wa kuchunguza, wa kuandika, wa kutunza kumbukumbu. Watakuuliza umesomea nini kwa adabu tu. Watakacholipia ni unachojua kufanya.

Na mimi naomba ujue kufanya kazi ya masjala, kule majalada ya kesi yanakofunguliwa na kutunzwa. Usicheke.

Chukua kesi ya bomba la mafuta, maana linatuhusu: linaanzia Hoima huko uliko wewe, linakuja kuishia hapa kwetu Chongoleani, kilomita 1,443. Mwaka 2020 mashirika manne ya kiraia yalikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kulipinga. Walikuwa na hoja za mazingira, za ardhi, za watu kushirikishwa. Novemba 2023 kesi ikatupwa bila hoja hata moja kati ya hizo kuamuliwa. Mkataba wa Jumuiya unampa mtu miezi miwili tu, tangu jambo litendeke au tangu alijue. Mahakama ikasema makubaliano ya bomba yalikuwepo tangu 2017, nyinyi mmekuja 2020. Nje ya muda. Na pale hakuna mlango wa kuomba kuongezewa muda kama tulivyozoea kwenye mahakama zetu. Siku zikipita zimepita. Kuhusu bomba lenyewe kila mtu na lake, hapa mtaani maoni ni mengi kuliko nyumba. Lakini mtu aliyewahi kukaa masjala akisoma uamuzi ule tumbo linamkata. Tarehe! Kitu cha kwanza unachoandika kwenye jalada, kabla hujaandika hata jina la mlalamikaji vizuri.

Nakwambia haya kwa sababu wenzako wengi, ninavyowasikia, wanataka kuwa wasemaji. Wanataka kipaza sauti na kongamano. Wasemaji wapo wa kutosha, Zuhura. Anayetafutwa na hapatikani ni yule anayejua kwamba ukomo wa muda ni Ijumaa, kiapo cha shahidi wa tatu hakina sahihi, na kielelezo namba nne kimepigwa picha upande mmoja.

Sasa tazama kesi iliyokwenda mbali. Waogiek wa msitu wa Mau kule Kenya walipewa notisi ya kuhama Oktoba 2009. Shauri likapitia Tume ya Afrika iliyopo Banjul, likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2012, wakashinda tarehe 26 Mei 2017. Hukumu ya fidia ikatoka 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali, 100,000,000 kwa madhara mengine, na amri kwamba ardhi ya mababu zao ipimwe na wapewe hati ya pamoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa notisi alikuwa ameshaanza kuota ndevu.

Wewe darasani mmesoma hukumu. Mimi naitazama hiyo hesabu najiuliza, imefikaje mezani kwa majaji? Mtu anapodai fidia lazima aonyeshe nani aliishi wapi, mizinga yake ya nyuki ilikuwa mingapi, nyumba ilivunjwa lini. Lazima kuwe na mtu aliyekwenda kaya kwa kaya na dodoso, mwingine wa kuchora ramani, mwingine wa kuandika koo na majina ya wazee waliokwisha kufa. Hao wote wana kazi ndani ya haki za binadamu, na wengi wao hawakusoma sheria hata siku moja. Yule mwenzako unayesema alisomea jiografia kisha anaona aibu kukaa na wanasheria, mwambie aache aibu. Pale palipoandikwa "ardhi ipimwe", mwanasheria kazi yake imekwisha na yake ndiyo inaanza.

Halafu kuna jambo ambalo chuoni naona mnalipita haraka: kukaza hukumu. Kwetu mahakama ya mwanzo mtu akishinda hajapata kitu bado. Anarudi dirishani kwa karani, anaomba hukumu ikaziwe, anatafutwa dalali wa mahakama, ng'ombe wanakamatwa. Ndipo haki inaonekana kwa macho. Mahakama ya Afrika haina dalali. Ina barua. Nchi inatakiwa ipeleke taarifa ya ilichotekeleza, na asipokuwepo mtu wa kuulizia taarifa hiyo, kuisoma, kwenda kijijini kulinganisha na kuandika majibu, hukumu inabaki kabatini. Kazi hiyo haina sifa wala hakuna anayekupiga picha ukiifanya. Ningekuwa na umri wako ningeing'ang'ania, kwa sababu hukumu zinazidi kila mwaka na wa kuzifuatilia hawazidi.

Umenitajia pia kwamba unapenda upande wa msaada wa kisheria. Huo naujua kwa macho. Soma tena kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa na Mahakama hiyohiyo ya Afrika, Arusha, tarehe 20 Novemba 2015. Mtu amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kesi nzima hana wakili, sehemu ya usikilizwaji yuko hospitali. Mahakama ikasema haki yake ya kusikilizwa imevunjwa. Nimeona washtakiwa wa namna hiyo wakiulizwa "una swali kwa shahidi?" nao wanajibu "huyu mzee anadanganya", hakimu anaandika: hana swali. Mwaka 2017 tukapata Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria rasmi, na mwaka 2023 ikaanza kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, ya kuzunguka mikoani. Kazi zipo huko, ingawa posho zake zitamchekesha shangazi yako. Ila ujue pia kwamba mwaka 2019 Tanzania iliondoa lile tamko lililomruhusu mwananchi kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika. Akina Thomas wa leo hawana njia ile. Mwanasheria aliyekuwa amejenga maisha yake juu ya mlango huo mmoja ilibidi ahame, na wewe usijenge juu ya mlango mmoja.

Hapo naingia Geneva. Najua picha ya Palais Wilson, lile jengo la ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, iko kwenye simu yako, mamako alinionyesha. Sikukatazi. Lakini hesabu ni hesabu: mafunzo ya kazi pale Umoja wa Mataifa hayalipwi, na Geneva chumba hakilipwi kwa nazi. Ngazi ya P-2, ambayo ndiyo mlango wa kimataifa kwa mwenye uzamili, inataka uzoefu wa miaka 2. Ule mtihani wao wa vijana unataka usizidi miaka 32 na nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka husika. Maana yake, Geneva inamtaka mtu aliyekwisha fanya kazi mahali pengine. Nenda huko pengine kwanza.

Na taasisi nazo zina umri. Ile mahakama ya mauaji ya Rwanda pale Arusha ilishtaki watu 93 na ikafungwa mwisho wa 2015. Rafiki yangu mmoja alikuwa mkalimani huko. Wengi walidhani ni ajira ya maisha. Yeye alikuwa na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili, akaondoka navyo vyote. Siku hizi Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, tangu 2022, na anayeweza kukalimani kesi bila kubabaika kati ya Kifaransa na Kiswahili hatafuti kazi, anatafutwa. Kifaransa chako kimefikia wapi? Usinijibu "kidogo" tena.

Upande wa mashirika ya kiraia umeona mwenyewe yaliyotokea 2025. Januari Marekani ikasimamisha misaada, Julai shirika lao la misaada, USAID, likawa limefungwa. Kijana wa jirani yetu, ofisa programu, alipigiwa simu Ijumaa, Jumatatu hakurudi ofisini. Alikuwa hodari wa kuandika ripoti za mfadhili, lakini ripoti ile hainunuliwi na mtu mwingine yeyote. Namwonea huruma, ni mtoto mzuri. Sasa anauza vipuri vya bodaboda na anafanya vizuri kuliko sisi sote.

Kuna kazi za makampuni pia, usizidharau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu, benki na simu zikiwemo, ziwe na ofisa wa kulinda taarifa hizo. Ujerumani nayo tangu 2023 inayabana makampuni yake makubwa yaangalie wanaowauzia bidhaa wanawatendeaje wafanyakazi, na maswali hayo huishia kwenye mashamba yetu. Yuko atakayeyajibu. Mamako anaona mtu wa haki akilipwa na kampuni amenunuliwa. Mimi naona inategemea anaandika nini kwenye daftari la malalamiko.

Turudi kwenye ofa zako mbili. Ile ya Dar, ofisa programu, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara mnono: nimesoma maelezo ya kazi uliyonitumia, kuna warsha, kuna "kuratibu wadau", kuna warsha tena. Sijaona mahali unapokutana na mtu mwenye shida. Ile ya Kasulu, msaidizi wa sheria kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, pesa ni ndogo. Lakini utakuwa unahoji watu kutwa, unaandika maelezo yao, unalinganisha tarehe, unagundua kwamba mama huyu hadanganyi, ila kalenda yake ni ya misimu ya mihogo na si ya Januari na Februari. Wakongo wako pale tangu 1996. Wapo waliozaliwa kambini ambao sasa wana watoto wao, na kila mmoja ana jalada. Ukitoka huko baada ya miaka miwili, hakuna atakayekuuliza unajua kufanya nini.

Mimi nasema Kasulu. Mamako anasema Dar, kwa sababu kuna basi la moja kwa moja na kwa sababu anamjua mchumba wako yuko wapi. Hilo mtaongea wenyewe, mimi simo. Ila chunga usiku. Wanaosikiliza habari za ukatili kila siku huanza kuzisikia hata wakishatoka kazini, nami nimewaona mahakimu wakali wakilia garini. Ukiona huli, rudi nyumbani wiki moja, hakuna atakayekuhoji.

Na lile ulilolikwepa kwenye ujumbe wako, nimeona ulivyolizunguka: Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Uliiruka ukakimbilia Pretoria, sawa. Bila hiyo huwezi kuapishwa uwakili, na bila uwakili utabaki unamwandikia mwenzako hoja akasimame nazo yeye. Kasulu kwanza, kisha hiyo. Ada tutachanga mimi na mjomba wako wa Pangani, tumeshakubaliana, usianze ubishi.

Nitumie barua ya ofa ya Kasulu yote, pamoja na kurasa za nyuma zenye maandishi madogo. Nataka kuona wanasemaje kuhusu likizo, bima na nani analipa nauli mkataba ukivunjwa. Na mwisho wa kujibu ni lini? Hukuniambia.

Babako