Barua kutoka Cusco kuhusu shamba la Muheza

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako na ya Shangazi zimenifikia pamoja, na nimeelewa kwamba mnangoja sehemu yangu ya malipo ya mpima ardhi ili shamba la juu, pamoja na makaburi, likatwe viwanja. Mimi ni mzima. Baridi ya hapa Cusco, katika milima ya Andes nchini Peru, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, nimeshaizoea. Machungwa yao tu hayafikii ya kwetu.

Kabla ya kunilaumu, nisikilizeni. Zamani kila ukoo wa milima hii, yaani ayllu, ulikuwa na paqarina yake: pango, chemchemi au ziwa walikoamini kuwa wahenga wao wa kwanza walitokea, na huko walipeleka majani ya koka na pombe ya mahindi. Wafalme wa Inka, waliotawala hapa kabla ya Wahispania, walijinasibisha na Pacaritambo, kusini mwa Cusco, ambako inasimuliwa kuwa Manco Capac, mfalme wao wa kwanza, na nduguze, wote pamoja wanaume wanne na wanawake wanne, walitoka pangoni. Hata hao waligombana, maana mmoja wao, Ayar Cachi, alirudishwa pangoni kwa hila, wakamzibia mlango kwa jiwe. Sisemi zaidi, Baba Mdogo.

Mfalme alipokufa, mashamba yake hayakwenda kwa mrithi wa kiti, bali yalibaki ya marehemu mwenyewe, na uzao wake, panaca, uliutunza mwili uliokaushwa, ukauvika, ukaulisha, na siku za sherehe ukautoa uwanjani akae na wenziwe. Mwaka 1559 Polo de Ondegardo, mtawala wa Kihispania, aliisaka miili hiyo akaitwaa. Kwa maoni yangu, aliyewanyang'anya wazee wao aliwanyang'anya na hoja ya ardhi.

Haya nawaeleza wageni kwa Kihispania, mimi ambaye Ba'mkubwa alisema sitajua lugha yoyote, pale Coricancha, hekalu la Jua, ambalo mabamba yake ya dhahabu yalibanduliwa mwaka 1533 kumkomboa Atahualpa, mfalme wa Inka aliyetekwa na Wahispania. Kanisa na nyumba ya watawa ya Santo Domingo vilijengwa juu yake. Tetemeko la 1950 lilipoibomoa nyumba hiyo ya watawa, ule ukuta wa Inka uliopinda, wa mawe meusi yaliyoshikana bila chokaa, ulibaki umesimama.

Ada ya mtoto nimemtumia Shangazi. Ya mpima sitatuma, wala sitatia sahihi mpaka makaburi na njia ya kuyafikia viondolewe katika ramani ya kuuza.

Nisalimie wote.

Mwanao