Majiranukta yatolewe na kanzidata, yasikisiwe na kivinjari

Ndugu Mhariri,

Mafunzo ya kutengeneza ramani za mtandaoni, yakiwemo yanayochapishwa kwenye kurasa za teknolojia za magazeti, hueleza kwa kirefu jinsi ya kuingiza data ya mahali kwenye kanzidata, kisha hurukia rangi na alama. Kazi ya katikati, yaani kuyatoa majiranukta, zile namba za longitudo na latitudo zinazoonyesha mahali, au koordineti kama mafundi wengi wasemavyo, na kuyafikisha kwenye kivinjari, hupewa sentensi moja. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, na mengi hayatoi ujumbe wowote wa hitilafu. Ramani hufunguka vizuri kabisa, ila alama ziko mahali pasipo pake.

Ukiandika SELECT *, amri ya kutoa safu zote, kwenye PostGIS, nyongeza ya data ya mahali ya kanzidata ya PostgreSQL, safu ya mahali hairudi ikiwa namba mbili. Kwa nukta moja unapata mkufu wa herufi 50 unaoanza na 0101000020E6100000. Data haijaharibika. Hizo ni baiti 25 zilizoandikwa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16): moja ya kueleza mpangilio wa baiti, nne za aina ya umbo, nne za namba ya mfumo wa majira, ile iitwayo SRID, kisha nane za X na nane za Y. Kipande E6100000 ni 4326, namba ya mfumo wa WGS 84 unaohesabu kwa nyuzi za longitudo na latitudo, baiti zake zikiwa zimepangwa kuanzia ile ndogo. Wapo wanaoukatakata mkufu huo kwa JavaScript wakitafuta namba. Ni kujichosha bure, maana kanzidata ina fanksheni zake:

SELECT id, jina, ST_X(mahali) AS lon, ST_Y(mahali) AS lat FROM vituo;

Majina lon na lat yaandikwe hivyohivyo. Ukiyaacha yakiitwa x na y, atakayeipokea programu baadaye atabaki kubahatisha. ST_X hukubali nukta tu. Ukiipa poligoni hukataa waziwazi, na hilo ni jema. Wengi hapo hukimbilia ST_Centroid. Lakini umbo likiwa limepinda kama mwezi mwandamo, kitovu chake huweza kuangukia nje ya umbo lenyewe. Kwa kuweka alama au jina, ST_PointOnSurface ndiyo inayobaki ndani. Na kama safu ni ya aina ya geography (inayohesabu juu ya mviringo wa dunia) badala ya geometry (inayohesabu kama juu ya karatasi bapa), igeuze kwanza: ST_X(mahali::geometry).

Watumiaji wa MySQL 8.0, kanzidata nyingine, wawe macho zaidi. Huko, X ni mhimili unaotajwa kwanza katika fasili ya mfumo, na kwa 4326 mhimili huo ni latitudo. Kwa hiyo fanksheni yenye jina lilelile, ST_X, hutoa longitudo kwenye PostGIS na latitudo kwenye MySQL. Dawa ni kutumia ST_Longitude na ST_Latitude, ambazo majina yake hayana utata.

Suala hili la kipi kitangulie linastahili kurudiwa mpaka lichoshe. GeoJSON, muundo wa maandishi wa kupeleka data ya mahali, kwa kanuni ya RFC 7946 ya mwaka 2016, hutanguliza longitudo. Leaflet, maktaba ya JavaScript ya kuchora ramani, unapoweka alama kwa mkono, hutaka latitudo kwanza. Lakini ukiipa GeoJSON kupitia L.geoJSON hugeuza yenyewe. MapLibre, maktaba nyingine ya aina hiyo, hutaka longitudo kwanza. Mtu anayegeuza kwenye seva, kisha maktaba ikageuza tena, atarudi palepale alipoanza na kudhani kila kitu kiko sawa, hadi siku atakapobadilisha maktaba. Ubaya ni kwamba kosa hili hujificha. Chukua longitudo 30 na latitudo 10, nukta iliyoko Sudan Kusini. Zigeuze, nukta inahamia Libya, na hakuna chombo kitakacholalamika kwa sababu zote mbili ni namba halali. Longitudo ikizidi 90 ndipo kosa hujifichua, kwa kuwa hakuna latitudo ya namna hiyo. Programu iliyojaribiwa kwa longitudo kubwa pekee, au kwa ndogo pekee, bado haijajaribiwa.

Sasa mfumo wa majira. Ukiona 3339584.72 pale ulipotarajia 30, data yako iko katika mfumo wa 3857, unaohesabu kwa mita, wakati GeoJSON inataka nyuzi za WGS 84. Suluhisho ni ST_Transform(mahali, 4326), si ST_SetSRID. Tofauti yake ni kubwa: ST_Transform hupiga hesabu na kubadilisha namba zenyewe, ilhali ST_SetSRID hubandika lebo mpya tu juu ya namba zilezile. Kubandika lebo ni halali pale tu ambapo lebo haikuwepo, yaani SRID ni 0, na unajua kwa hakika namba zilitoka mfumo gani. Wala msitegemee ST_AsGeoJSON iwafanyie kazi hiyo. Huandika namba kama ilivyozikuta.

Tukiwa kwenye ST_AsGeoJSON: hurudisha maandishi. Ukiyatia ndani ya jibu la JSON bila kuyageuza, kivinjari hupokea maandishi yenye alama za nukuu zilizokingwa kwa mikwaju (\), na maktaba ya ramani haioni umbo lolote. Andika ST_AsGeoJSON(mahali, 6)::jsonb, ambayo huyageuza kuwa JSON halisi, kisha ukusanye rekodi kwa jsonb_agg. Hiyo 6 ni idadi ya tarakimu baada ya nukta ya desimali. Chaguo-msingi ni 9, na kwa ramani ya kawaida ni mzigo usio na faida, kwani nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, hivyo tarakimu ya sita ni kama sentimita 11. Jambo dogo linalosahaulika: pasipo rekodi hata moja, jsonb_agg hurudisha null badala ya orodha tupu, na ukurasa huanguka mtumiaji anapoisogeza ramani hadi baharini. Ifunge ndani ya coalesce yenye '[]'::jsonb, ili orodha tupu irudi badala ya null.

Hiyo null ina balaa jingine. Katika JavaScript, Number(null) ni 0. Kituo kisicho na majiranukta, kikipitishwa hapo pande zote mbili, hutua kwenye 0,0, ndani ya Ghuba ya Guinea. Kundi la alama likitokea huko baharini, usitafute kosa kwenye ramani. Weka WHERE mahali IS NOT NULL. Wanaohifadhi longitudo na latitudo katika safu za aina ya numeric nao wajue kwamba kiunganishi cha PostgreSQL cha Node.js (JavaScript ya upande wa seva) huzirudisha kama maandishi, si namba; ukijumlisha 0.01 unapata maandishi mawili yaliyounganishwa.

Kuhusu kasi tutasema machache. Usitume jedwali zima. Tuma kilichomo ndani ya dirisha la ramani:

WHERE mahali && ST_MakeEnvelope($1, $2, $3, $4, 4326)

Mpangilio ni magharibi, kusini, mashariki, kaskazini, na thamani zipite kama vigezo, zisiunganishwe kwenye maandishi ya kweri, la sivyo mtu yeyote ataweza kuandika anwani yenye amri zake mwenyewe. Safu iwe na faharasa ya GiST, aina inayofaa kutafutia maumbo. Kama data iko katika mfumo mwingine, geuza dirisha, usigeuze safu: ST_Transform ikiizunguka safu, faharasa ya kawaida haitumiki na kila rekodi hupigiwa hesabu. Dirisha likivuka mstari wa nyuzi 180, magharibi huwa kubwa kuliko mashariki. Ligawe mara mbili. Na anayetafuta vituo vilivyo ndani ya mita 500 atumie ST_DWithin juu ya geography. Akiitumia juu ya geometry ya 4326, hiyo 500 itahesabiwa kuwa nyuzi 500, na dunia nzima itarudi kwenye jibu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila somo la ramani mnalochapisha, popote palipo na namba mbili za mahali, litaje ipi ni longitudo na litaje SRID. Pia liwe na nukta moja ya majaribio ambayo longitudo na latitudo zake zimepishana mbali, ili msomaji aliyezigeuza alijue kosa lake siku hiyohiyo.

Wasalaam,
Watengenezaji wa ramani za mtandaoni