Globu rahisi, mbona kuifunga ghali?

Juzi hapa gereji tumeambiwa tunachuna watu. Aliyesema ana Hiace ya zamani, anapakia wageni wa Paje, Zanzibar, taa kubwa ya kushoto imeungua. Bei ya globu anaijua, na tuliyomtajia ni mara tatu yake. Akapanda gari akaenda zake. Hakutukana, lakini swali lake tunalisikia kila mara, basi ngoja tulijibu.

Globu tunauza kwa bei ile ile ya dukani. Kinachozidi ni kazi ya kurekebisha kilichoiunguza. Iliyodumu miaka imekula umri wake, hiyo tunabadilisha unaondoka. Lakini ikiungua ya pili ndani ya mwezi, globu haina kosa. Pengine alteneta, mashine inayochaji betri, inapandisha umeme kupita volti 15, au mpira wa nyuma ya taa umepasuka na maji yanaingia.

Gari zinazolala pwani zina maradhi yao: chumvi inakula ethi, yaani pale waya unapofungwa kwenye bodi kurudisha umeme. Unapima betri, mita inasoma volti 12.6. Unapima kwenye soketi ya taa, 10.5. Hapo hata globu mpya kabisa inatoa kama nusu ya mwanga wake, na mwenye gari anaapa kauziwa feki. Dawa yake ni kufungua ile nati ya ethi, kupiga msasa mpaka bati ling'are, kupaka grisi na kufunga tena. Kazi haionekani, ndiyo maana kuilipia kunauma.

Wengi wanakimbilia globu ya wati 100. Ya kawaida, H4, ni 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, inavuta ampea 5. Ile ya 100 inavuta zaidi ya 8, kwenye waya uliochoka. Tuliletewa gari ya shamba, soketi imeyeyuka ikagandana na globu kama halua iliyolala. Tulikata waya, tukaweka soketi ya kauri na rilei, swichi inayopeleka umeme wa taa moja kwa moja kutoka betri. Rifleta, yaani kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga, ilikuwa imebabuka, na hiyo haisafishiki. Taa nzima ikasubiriwa kutoka Dar. Hesabu aliyolipa ingemnunulia globu za kawaida za miaka.

Na kijana wa dukani akiishika globu kwenye kioo kwa vidole vilivyotoka kula urojo, mrudishie. Mafuta yale yanachoma kioo pale pale yalipogusa.

LED za kuchomeka kwenye taa za globu hatufungi. Zinampofua anayekuja mbele yako, na barabara za shamba zina baiskeli zisizo na taa.

Ukinunua globu kwetu, kupima ni bure. Ukija na yako tutaifunga, ila dhamana hatutoi. Gari ilete alasiri uiache mpaka baada ya Magharibi, maana kuelekeza taa ukutani kunataka giza.