Kikao cha Jumamosi

Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni wapendwa wote. Jumamosi tunakutana saa nne asubuhi, ukumbi ule ule wa Majengo hapa Moshi. Wastaafu wa jeshi, familia za walioko kambini, vijana wa zimamoto na wa ambulensi, karibuni.

Safari hii tuzungumzie usingizi. Mtu anaamka saa nane usiku kaloa jasho, anakagua komeo la mlango mara tatu, kisha anakaa kitandani hadi alfajiri. Asubuhi nyumbani wanasema ana hasira. Vita vya Kagera viliisha 1979, lakini wapo wazee wetu humu ambao fataki za mwaka mpya bado zinawashtua. Hali kama hii ikipita mwezi mmoja baada ya tukio la kutisha, jamani msivumilie kimya. Ni ugonjwa, na una tiba. Nendeni hospitali ya Mawenzi mwone wahudumu wa afya ya akili. Pombe inamlaza mtu haraka, ila usingizi wenyewe unakatika katikati ya usiku.

Kina mama, njooni na waume zenu. Asiyetaka kusema asikilize tu. Ya ukumbini yasiandikwe humu kwenye kundi, tafadhali. Aliyekwama nauli aniandikie pembeni, tutasaidiana.