Igunga isomwe kwenye fomu, siyo kwenye nyomi la mkutano

Ndugu Mhariri,

Uchaguzi ukikaribia, waandishi huipaka nchi rangi: kule kijani ya CCM, chama tawala, pale zambarau ya ACT-Wazalendo. Igunga, mji wetu mdogo wa pamba na mpunga kwenye barabara ya Singida hadi Nzega, huitwa "ngome ya CCM", na mjadala unaishia hapo. Kuhusu mshindi jina hilo ni sahihi, maana kiti cha ubunge hakijawahi kutoka CCM tangu vyama vingi virudi. Kuhusu wapiga kura linaficha mengi.

Chukua uchaguzi mdogo wa Oktoba 2, 2011, ulioitishwa baada ya mbunge wa CCM, Rostam Aziz, kujiuzulu Julai mwaka huo. Dalaly Kafumu wa CCM alipata kura 26,484 na Joseph Kashindye wa CHADEMA, chama cha upinzani, 23,260. Pengo la kura 3,224 ndilo lililojaza magazeti, likafika hadi mahakamani: Mahakama Kuu ikatengua matokeo Agosti 2012, Mahakama ya Rufani ikayarudisha 2013. Lakini daftari la wapiga kura lilikuwa na majina 171,019, na waliopiga kura walikuwa 53,672, kama watu 31 katika kila 100. Mshindi alichaguliwa na watu wasiofika 16 katika kila 100 walioandikishwa. Aliyemfuata, wasiofika 14. Hiyo ngome ina walinzi wachache mno.

Msikimbilie kusema wananchi walisusa. Daftari lolote lililokaa muda hubeba waliofariki, waliohama na waliopoteza kadi, na hao wote huhesabiwa kana kwamba wamekataa kwenda kituoni. Kisha angalia kalenda. Oktoba nyasi zimekwisha, na wafugaji wengi wameshasogeza mifugo Wembere au mbali zaidi. Kura hupigwa kwenye kituo ulikojiandikisha, basi. Mwenye ng'ombe hamsini malishoni hawaachi siku mbili ili akatumbukize karatasi.

Jambo la pili ni CUF, chama kingine cha upinzani. Mwaka 2010 mgombea wake ndiye aliyeshika nafasi ya pili Igunga. Mwaka uliofuata chama hicho kiliambulia kura 2,104. Kwa hiyo anayesema upinzani Igunga ulizaliwa 2011 hajui habari za mwaka mmoja nyuma. Watu wasioitaka CCM walikuwepo tayari. Walichobadilisha ni bendera.

Kigoma walituonyesha hilo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilizoa majimbo manne: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Kigoma Kusini na Muhambwe. Mwaka 2015 ikayapoteza yote. Zitto Kabwe alihama chama na jimbo kwa pamoja, kutoka CHADEMA ya Kigoma Kaskazini hadi ACT-Wazalendo ya Kigoma Mjini, na bado akashinda. Ukiandika "Kigoma ni ya chama fulani", miaka mitano baadaye utajifuta.

Sasa, namna ya kusoma. Anzeni kituoni. Fomu ya matokeo namba 21A ni ya urais, 21B ubunge, 21C udiwani. Zipangeni tatu za kituo kimoja sambamba. Mbunge wa chama akipata kura 210 na diwani wa chama hichohicho 140, watu 70 hivi wamemfuata mtu, hawakufuata bendera. Matokeo ya jimbo zima hayawezi kukuambia hilo.

Kosa linaloharibu chambuzi nyingi ni kutafuta wastani wa asilimia. Tuseme kituo kidogo chama kimepata kura 60 kati ya 80, yaani asilimia 75, na kikubwa kimepata 120 kati ya 400, asilimia 30. Wastani utakupa 52.5, utangaze ushindi. Jumlisha kura zenyewe: 180 kati ya 480, asilimia 37.5. Hata nusu chama hakikufika.

Msilinganishe 2011 na 2015 kwa jina la jimbo tu. Mwaka 2015 Jimbo la Manonga lilimegwa kutoka Igunga, na daftari likaandikwa upya kwa mfumo wa alama za vidole. Shukeni hadi kata, mchukue zilizobaki Igunga peke yake. Kata ambako mgombea alipita bila kupingwa ziandikwe "hakuna kura", siyo asilimia 100. Uchaguzi wa serikali za mitaa nao una orodha yake ya wapiga kura, tofauti na daftari la kudumu. Na ule wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, kwa hiyo haupimi chochote zaidi ya kujitoa huko.

Kuhusu nyomi la mikutano sina la kuongeza, ila nusu ya wanaoshangilia ni watoto, na wengine wametoka Shelui, ambayo ni Singida.

Ombi langu, Mhariri: watumeni waandishi wenu vituoni usiku wa kuhesabu. Nakala ya matokeo hubandikwa hapo kituoni, lakini asubuhi unaweza kukuta upepo umeichukua, au mkono wa mtu. Ipigwe picha usiku uleule, ionyeshe namba ya kituo, jina la kata na saini za mawakala wa vyama. Kimoja kikikosekana, picha hiyo haiwasaidii kitu.

Msomaji wenu,
Igunga, Tabora